Kahawa ya milimani India, ni wapi huko?

SWALI: Shikamoo anko, mi niko Nyegezi hapa Mwanza, bosi wangu Mhindi kaniambia kwao ni Kodagu, wanalima kahawa milimani. Si India ni joto tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Joto lipo ila sio kote, Kodagu (Waingereza waliita Coorg) ni wilaya ya jimbo la Karnataka, kusini huko kwenye milima ya Western Ghats, na mji wake mkuu Madikeri uko mita elfu moja na mia kadhaa juu ya bahari, yaani hauachani sana na hapo Nyegezi! Tofauti mvua, ya Juni mpaka Septemba ikianza hailali.

Kahawa yao ni robusta na arabika, wanailima chini ya miti mikubwa ya kivuli, halafu kwenye hiyo miti wanapandisha pilipili manga, kwa hiyo shamba moja mavuno mawili, ujanja huo naupenda kwa kweli. Wahaya wa Bukoba ng'ambo ya ziwa nao robusta wanaichanganya na migomba, mwambie bosi akatembee.

Mto Kaveri unaanzia hukohuko, Talakaveri. Na mpaka 1956 Coorg ilikuwa jimbo lake peke yake, ndo ikaunganishwa na jimbo la Mysore, ambalo ndo Karnataka ya leo. Wenyeji ni Wakodava, nyama ya nguruwe ndo chakula chao cha sherehe, kwa hiyo bosi akiulizia kitimoto usishangae.

Ukienda, treni haifiki, unashukia Mysuru unapanda basi.