Maswali ya Jikoni: Sandwichi za Tango Zisizolowa

Barua tano za mwezi huu zinahusu kitu kimoja: sandwichi za tango zinazokatwa vipande vyembamba kama vidole, zile za chai ya alasiri ya Kiingereza. Tumezijibu pamoja kwa sababu karibu kila tatizo lililoulizwa lina chanzo kimoja, nacho ni maji.

Wahariri, salaam. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni. Chai tunaitoa saa kumi, na sandwichi za tango lazima ziwepo. Nikizitengeneza saa nane, ikifika saa kumi mkate umelowa, na mgeni akiinua kipande, tango linachomoka. Napaka majarini, napanga tango, natia chumvi, nafunika. Nakosea wapi? – Msomaji, Arusha

Ndugu yetu, makosa ni mawili, na la kwanza ni hiyo chumvi. Tango ni maji kwa takriban asilimia 95. Chumvi ikiligusa huyavuta maji hayo yatoke nje. Wewe unaitia tango likiwa tayari ndani, kwa hiyo maji yanatokea humo humo na mkate ndio unaoyanywa. Chumvi itangulie, maji yamwagike, ndipo mkate uguswe.

Kwa watu 8, kila mmoja vidole 3, andaa slesi 16 za mkate mweupe, tango refu moja la gramu 350 hadi 400, siagi gramu 100, chumvi nusu kijiko cha chai na pilipili nyeupe ya unga kidogo. Menya tango, likate viduara vya unene wa milimita 2. Ukishika kiduara mbele ya dirisha, uone kivuli cha kidole chako upande wa pili. Usipokiona, bado ni kinene. Vipange kwenye chujio tabaka kwa tabaka, kila tabaka ulinyunyizie chumvi kidogo, uweke bakuli chini na uache dakika 20 hadi 30. Utakuta vijiko viwili vitatu vya maji kwenye bakuli. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakiishia kwenye mkate wako.

Usilisahau tango huko saa nzima na zaidi, maana hulegea na kuwa kama mpira. Lililo tayari hujikunja bila kuvunjika, na ukiliuma bado linasikika. Onja. Likizidi chumvi, lisuuze mara moja tu kwa maji baridi.

Sasa kukausha, na hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Tandaza viduara kwenye kitambaa safi, vifunike kwa kitambaa kingine, ukandamize kwa kiganja. Hamishia upande mkavu wa kitambaa, ukandamize tena. Kitambaa kikiacha kupata alama za maji, tango liko tayari.

Kosa la pili ni majarini. Siagi halisi ina mafuta asilimia 80 au zaidi. Ikipakwa vizuri hukaa juu ya mkate kama lipu ukutani, unyevu haupiti. Majarini nyingi za kupaka, hasa zilizopunguzwa mafuta, zina maji mengi ndani yake. Unaziba maji kwa maji. Paka siagi kwenye slesi zote mbili, ya chini na ya juu, kijiko cha chai kimoja kila slesi, hadi ukingoni kabisa. Pembe iliyoachwa kavu ndiyo hulowa kwanza. Kama siagi yako ina chumvi, punguza ile ya kwenye tango.

Vitabu vya Uingereza huagiza siagi itolewe kwenye friji saa moja kabla. Jikoni kwao kuna baridi. Kwa Arusha siku ya ubaridi sawa, lakini Tanga au Dar es Salaam saa hiyo moja inaigeuza mafuta, na mafuta huzama kwenye mkate yakaacha uso wake wazi. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, kisha iponde kwa uma mpaka ilainike. Ikianza kung’aa na kuteleza, irudishe friji.

Panga viduara vikilaliana kama magamba ya samaki, tabaka moja. Nyunyiza pilipili, funika, gandamiza taratibu kwa kiganja ili siagi ishike tango. Ndiyo inayozuia lisichomoke. Kwa chai ya saa kumi, tia tango chumvi saa nane na nusu, anza kupaka saa tisa na robo, kata saa tisa na dakika arobaini na tano.

Mkate wa dukani unakuja umekatwa slesi nene, sandwichi zinaonekana kama matofali. Pia, kingo zinatolewa kabla au baada ya kujaza? – Msomaji, Mombasa

Kingo baada, dada, kila mara. Ukizitoa kabla, slesi hazilingani, siagi inamwagikia pembeni na tango linachungulia nje. Jaza kwanza, kisha kata ganda pande zote nne kwa kisu kirefu chenye meno, ukienda mbele na nyuma kama msumeno bila kukandamiza. Halafu gawa vidole vitatu vilivyo sawa. Futa kisu kwa kitambaa kila baada ya mkato, la sivyo siagi inachafua mkate mweupe.

Kuhusu unene, tafuta mkate mzima ambao haujakatwa, uliookwa jana. Wa leo ni laini mno, unabonyea chini ya kisu. Uweke kwenye friza dakika 30 hadi 40 mpaka ugangamale bila kuganda, kisha kata slesi za milimita 7 au 8. Ukikosa kabisa, pitisha kifimbo cha kusukumia chapati juu ya kila slesi mara moja, kwa mkono mwepesi. Ukirudia mara tatu umepata unga mbichi. Boflo, ule mkate wa pwani, tuliachie mchuzi. Ganda lake ni gumu na matundu yake yanapitisha siagi. Yale maganda uliyokata yakaushe, uyasage, upate chenga za katlesi.

Hotelini niliona imeandikwa “high tea”, mwenyeji wangu akasema hapana, hii ni chai ya alasiri. Tofauti ni nini? – Msomaji, Leicester

Mwenyeji wako yuko sahihi. Chai ya alasiri inahusishwa na Anna, mke wa Duke wa Bedford, mnamo miaka ya 1840. Chakula cha usiku cha matajiri kilikuwa kimesogea hadi saa mbili, njaa ikawa inauma jioni, ndipo chai ikaanza kuletwa na vitafunio vyepesi. “High tea” ilikuwa mlo wa jioni wa wafanyakazi waliotoka viwandani na migodini: nyama, samaki au mayai, mkate na chai nzito, kwenye meza ya kulia. Hoteli nyingi nje ya Uingereza huyachanganya majina hayo. Kwenye kile kinara cha sahani tatu, sandwichi hukaa chini na ndizo huliwa kwanza, katikati skonzi, juu keki.

Matango ya soko letu mara nyingi ni machungu. Kukata kichwa na kusugua mpaka povu litoke kunasaidia kweli? – Msomaji, Dodoma

Kinachosaidia ni kule kukata. Uchungu hukaa zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda, na tango lililokua kwenye jua kali kwa maji ya kubahatisha ndilo huwa nao. Kata sentimita 2 au 3 upande wa kikonyo, menya ganda kwa kina kidogo, uonje kila tango kabla ya kulichanganya na mengine. Likibaki chungu sana, litupe. Chumvi haitalitibu, na uchungu ule unaweza kusumbua tumbo. Tango nono lenye mbegu ngumu lipasue katikati kwa urefu, ukwangue mbegu kwa kijiko. Sehemu ya mbegu ndiyo yenye maji mengi zaidi.

Huku tuna matango madogo na lebne nzuri, yaani mtindi mzito uliochujwa maji. Naweza kuacha siagi nikatumia lebne na nanaa? Na nitazihifadhi vipi kwenye joto letu? – Msomaji, Muscat

Unaweza, tena matango hayo ni bora: ganda jembamba, mbegu chache, huhitaji kumenya. Yakate kwa urefu badala ya viduara, vipande vya milimita 2, uvipange vikielekea upande mmoja na vidole utakavyokata. Kisu kitapita kati ya vipande, na kila kidole kitatoka safi.

Ila lebne ina maji kuliko siagi. Ichuje kwenye kitambaa usiku kucha ndani ya friji mpaka kijiko kisimame, na hata hivyo paka siagi nyembamba kwanza, lebne juu yake. Majani 8 ya nanaa yaliyokatwakatwa yanatosha gramu 100 za lebne. Yaoshe na kuyakausha kabisa kabla ya kuyakata, maana nanaa mbichi yenye maji hugeuka nyeusi. Chai ya tangawizi au iliki itaifunika ladha ya tango. Toa chai nyeusi nyepesi.

Kuhifadhi: panga sandwichi bila kuzikata, zifunike kwa plastiki ya jikoni, juu yake kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana. Siagi na tango zinakaa saa mbili. Zenye lebne ziweke friji hadi dakika 15 kabla ya kula, ingawa friji hukausha mkate haraka, na kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32 zisikae mezani zaidi ya saa moja.