Maswali yenu: Faivu naini ya kangomba

Maswali yamejaa mpaka nimechanganyikiwa, ila nimeona mengi yanarudi palepale kwenye ripoti za signali, zile namba tunazopeana sisi wa redio ya ridhaa (amateur radio) kusema mtu anasikika vipi, na hilo ndo linalonichoma siku zote kwahiyo leo mtanivumilia.

Kwanini watu wananipa 59 halafu wananiomba nirudie kolisaini (jina la kituo changu) mara tatu? (Newala)

Wanakudanganya kaka, tena kwa upole. Namba ya kwanza ni kueleweka, inaanzia 1 mpaka 5 (ya pili ni nguvu ya signali, 1 mpaka 9, ile S ya kwenye mita ya redio), na 5 maana yake kila neno limeingia bila shida, sasa kama kila neno limeingia kolisaini anaulizia nini? Huyo alitakiwa akupe 3, yaani anakupata kwa taabu, na wala sio tusi. Hii faivu naini ya kugawa kama pipi ni kangomba tu, kama ule ununuzi wa korosho wa magendo, inaonekana kipimo lakini mizani haijaguswa, na sisi watu wa korosho tunajua anayeumia mwishoni ni nani.

Mimi mwenyewe niliumia. Kuna mwaka nilikaa msimu mzima wa kusi nyumba iko karibu na bahari huku Mikindani, kila ninayempata faivu naini, faivu naini, nikawa najiona mtaalam. Siku moja jamaa wa Afrika Kusini ananiambia una 4 na 3 rafiki, na sauti inakatikakatika, kaangalie kebo. Nilinuna kwanza, sikatai. Nikapanda juu nikafungua plagi ya antena, nakuta kutu ya kijani imejaa na maji yameingia mpaka kwenye kebo, chumvi ya bahari imekula kila kitu. Yaani wale wote wa 59 walikuwa wananisikia nakufa kidogokidogo hakuna aliyesema! Mkikaa Shangani, Msimbati au kokote upepo wa bahari unapofika, zungushieni plagi ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na mfungue mkague kila mwaka.

Mashindano ya redio nayo yametuharibu. Kule kila mtu anapewa 59 na programu ya logi (daftari la mawasiliano) inajaza yenyewe kabla hata hujamsikia mtu, kinachobadilishwa kwa kweli ni namba inayofuata, kwa sisi Tanzania kwenye shindano la CQ World Wide ni 37, namba ya zoni yetu. Sawa, huko ni mchezo una sheria zake. Tatizo watu wanatoka nayo huko wanaileta kwenye maongezi ya kawaida.

Mita inaonyesha S3 ila namsikia safi kabisa. Nimpe ngapi? (Lindi)

53. Umeshajijibu.

Nina wati 100, nataka kununua amplifaya ya wati 400. Nitapanda S ngapi? (Masasi)

Moja. Ndio, moja tu. Kila S ni desibeli 6, na ukizidisha nguvu mara nne unapata desibeli 6, hesabu imeishia hapo. Hiyo ni kwenye karatasi, maana mita nyingi za redio hazifuati hata hicho kipimo, S9 ya HF (masafa mafupi) inatakiwa iwe maikrovolti 50 kwenye tundu la antena lakini redio mbili mezani kwangu zinanipa majibu mawili kwa signali ileile. Hiyo hela nunua waya mzuri na nguzo ndefu, ukipandisha antena inakusaidia kurusha na kusikia pia, amplifaya haikusaidii kusikia hata kidogo. Na kabla ya yote soma leseni yako inakuruhusu wati ngapi, halafu jiandae jirani kuja kugonga mlango kuulizia TV yake.

Nilimpa jamaa 59 kwenye ripita, mwenzangu kanicheka. Nimekosea wapi? (Mtwara mjini)

Hili swali nimelijibu sijui mara ngapi jamani. Mita yako inapima RIPITA, ule mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya, haimpimi jamaa! Ripita iko kilimani inakupiga S9 saa zote hata jamaa awe na kiredio cha mkononi betri inakata roho. Mwambie unaingia safi kwenye ripita, au una kelele kwa nyuma, au unakatika, basi. Ukitaka namba hamieni kwenye masafa ya moja kwa moja mpimane.

Usiku kwangu kelele ni S7, mtu akija na S5 simsikii. Ripoti yake iweje? (Nachingwea)

Mwambie ukweli wote, kwamba kwako kuna kelele ya S7 ndo maana humpati, asije akadhani antena yake mbovu. Halafu itafute hiyo kelele. Umeme ukikatika washa redio kwa betri ya volti 12 usikilize, kama kelele imekufa ujue huenda inatoka kwenye nyumba yako au ya jirani, mara nyingi ni chaja za simu za bei rahisi, taa za LED au inveta ya sola. Mimi siku hizi umeme ukikatika nafurahi, mke wangu ananishangaa. Kama wakati wa masika inapasukapasuka hiyo ni radi, na radi ikiwa karibu chomoa antena ukalale.

Kwenye FT8 wananipa −15. Nimefeli? (Lindi)

Hujafeli. FT8 ni mawasiliano ya kidijitali, kompyuta kwa kompyuta, na hiyo namba ni desibeli kulinganisha na kelele ya upana wa hezi 2500, na FT8 inasomeka mpaka kwenye −20 hivi, masikio yako huko yasingeambulia kitu. Tangu itoke mwaka 2017 watu wanailalamikia haina roho, labda, lakini ripoti yake inapimwa na kompyuta na kompyuta haina aibu ya kukwambia signali yako ni dhaifu.

Naweza kumpa mtu 599 kwa sauti? (Tandahimba)

Hapana. Ile 9 ya mwisho ni ya mlio wa Morse.

Nimenunua redio ya mkononi ya Baofeng, naanzaje kurusha? (wengi mno)

Unaanzia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenye leseni. Mpaka hapo usibonyeze.