Kabla ya kuchora ukuta wa diko

Ukipata nafasi ya kuweka kazi ya sanaa katika kijiji cha wavuvi, usikimbilie ukuta wa diko, pale wavuvi wanapofikia na vyombo. Nenda kwanza kwenye vyombo. Pwani yetu imekuwa na sanaa ya hadharani miaka na miaka: majina na nakshi kwenye shetri, sehemu ya nyuma ya majahazi, macho yanayochorwa omoni, sehemu ya mbele, milango ya Lamu na Unguja. Mimi huchora kuta za masoko ya samaki na za shule, na nikifika mahali pageni huuliza kwanza ni nani anayewaandikia watu majina ya vyombo. Huyo ndiye mwenzangu wa kazi.

Jahazi la Flipflopi lilifika mbali kwa sababu hiyo. Jahazi lile la mita 9, la plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, lilivikwa vipande vya ndara zipatazo 30,000. Lakini lilijengwa na mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda, na plastiki wakaichonga kama mbao. Likashushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kilomita kama 500 hadi Zanzibar. Kila liliposimama watu walilikagua kwa macho ya wajuzi, maana chombo wanakijua. Sanamu ya taka iliyosimikwa ufukweni wangeipita tu.

Ruhusa ya sheha au mwenyekiti wa kijiji ni lazima, lakini barua yenye muhuri haiwaleti watu. Angalia mwezi. Wavuvi wa dagaa wa taa hupumzika wakati wa mbalamwezi, basi kikao nao kiweke siku hizo. Wanawake wanaolima mwani huwapati bamvua likitoka, maji yanapokupwa sana. Wako shambani, maji magotini. Ukiita mkutano saa hiyo utazungumza na wazee watano na mwenye duka, kisha uandike kwenye ripoti kwamba jamii imeshirikishwa. (Ripoti za namna hiyo nimezisoma nyingi.)

Halafu wasikilize hata kama mfadhili ana picha yake. Kijiji kimoja tuliletewa wazo la kasa. Mzee mmoja akasema, "Kasa tunamjua, mwanangu. Tuandikie vyombo vya babu zetu." Tukaandika majina ya majahazi ya zamani, kila ukoo ukileta la kwake, na ubishi wa nani alikuwa nahodha wa chombo gani ulituchelewesha sana. Ubishi ule ndio uliowafanya vijana wakae kusikiliza. Karibu na msikiti pia usichore watu wala wanyama kabla ya kuuliza. Maandishi na nakshi hazina mgogoro.

Kuhusu rangi: ukuta wa mawe na chokaa hutoa unyevu na chumvi. Ukiupaka rangi ya mafuta, inavimba na kubanduka. Tumia chokaa iliyotiwa rangi, na usianze masika.

Chokaa hufifia, kwa hiyo chokaa iliyobaki iache kwa katibu wa kikundi cha usimamizi wa fukwe, na mkubaliane mapema nani atapaka tena. Fundi wa majina ya vyombo mwekee ujira kamili kwenye bajeti, si posho ya chakula, na jina lake liandikwe ukutani juu ya lile la mfadhili.