Maswali na majibu: desimali zenu tena

Kwa nini Python (lugha ya kuandikia programu) inasema 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004? Ina hitilafu?

Haina. Jaribuni basi kwenye JavaScript, Java au Ruby kabla ya kuilaumu Python, mtapata yaleyale, kwa sababu zote zinafuata IEEE 754, kanuni ya mwaka 1985 ya kuhifadhi desimali kwenye kompyuta. Kompyuta hujenga sehemu ya desimali kwa nusu, robo, thumni na kuendelea kushuka. Moja ya kumi haijengeki hivyo ikakamilika, kama vile thuluthi isivyokamilika kwa 0.333. Biti (zile 0 na 1 za kompyuta) zikiisha, namba inakadiriwa hadi ile ya karibu zaidi inayojengeka. Kinachohifadhiwa ni 0.1000000000000000055 na mkia mrefu.

Mbona basi nikiandika 0.1 peke yake naiona safi?

Kwa sababu unaonyeshwa tarakimu chache kadiri inavyowezekana, mradi zikisomwa upya zirudishe namba ileile. Python ilianza hivyo kwenye toleo la 3.1, mwaka 2009. Zamani ilikuwa inakutolea 0.10000000000000001 bila haya. Mimi naona ule uchafu ulifundisha zaidi.

Nikikadiria kwa nafasi mbili, round(2.675, 2) inanipa 2.67, si 2.68. Ni sababu ileile?

Ndiyo, maana ulichohifadhi ni 2.67499999999999982.

Nikitumia double badala ya float kwa fedha, nitakuwa salama?

Hapana, hapana, hapana. Double ni desimali yenye biti maradufu ya float: inapunguza kosa, haiondoi. Fedha zihifadhiwe kama namba kamili za senti, au DECIMAL kwenye hifadhidata, au BigDecimal kwenye Java, ambazo huhesabu kwa kumi, si kwa nusu na robo. Na hapo kwenye Java angalieni: new BigDecimal(0.1) inabeba uchafu wote niliousema juu, andikeni new BigDecimal("0.1"), na alama za kunukuu.

Hata hivyo desimali halisi peke yake haitoshi kama hamjaamua mtakadiria vipi. Soko la hisa la Vancouver lilianzisha faharasa yake (kipimo cha jumla cha bei za hisa) mwaka 1982 ikiwa 1,000. Kila ilipohesabiwa upya, tarakimu zilizozidi nafasi tatu za desimali zilikatwa tu, hazikukadiriwa. Kufikia Novemba 1983 ilikuwa imeporomoka hadi karibu 520. Ilipohesabiwa vizuri ikawa zaidi ya 1,098. Kila mkato ulikuwa chini ya elfu moja ya pointi, ila yote ilivuta upande mmoja. Kwa hiyo anayeniambia "ni senti tu" simjibu tena.

Nilinganishe desimali kwa ==?

Usithubutu. Python ina math.isclose, inayouliza kama mbili zinakaribiana vya kutosha badala ya kudai ziwe sawa kabisa.

Vitambulisho vya tarakimu 17 vinabadilika mwishoni nikivisoma kwa JavaScript.

Namba zake za kawaida ni double, na ukivuka 9007199254740992 namba kamili zinaanza kurukwa. Lakini nani alikuambia kitambulisho ni namba? Hukijumlishi wala hukigawanyi. Kiwe maandishi, na anayekutumia data akifunge kwa alama za kunukuu hukohuko kwake, maana kikishasomwa kama namba, tarakimu zilizopotea hazirudi.