Jim Reeves: Nyimbo Zilizotoka Baada ya Kifo Chake

SWALI: Mhariri, marehemu baba alituachia santuri kadhaa za Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kantri, ambaye nyimbo zake nimezisikia redioni tangu utotoni. Nafahamu kwamba alifariki mwaka 1964, lakini baadhi ya santuri hizo zilitolewa miaka mingi baadaye, na katika mojawapo anaimba pamoja na mwimbaji mwenzake wa kantri, Patsy Cline. Iliwezekanaje? Na mbona sauti yake husikika kana kwamba ameketi karibu nawe? — Msomaji, Eldoret

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linalofungua la kwanza.

Jim Reeves alizaliwa Texas mwaka 1923, akatamani kuwa mchezaji wa besiboli hadi jeraha la mguu lilipomkatiza, ndipo akawa mtangazaji wa redio. Naamini kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kusema na msikilizaji mmoja badala ya kuupazia sauti umati. Hata hivyo, wimbo uliompa jina mwaka 1953, “Mexican Joe”, aliuimba kwa sauti ya juu na ya kuchangamka, kama ilivyokuwa desturi ya waimbaji wa kantri wakati huo. Mabadiliko yalikuja mwaka 1957 aliporekodi “Four Walls” chini ya usimamizi wa mtayarishaji wa muziki Chet Atkins: aliisogelea maikrofoni hadi midomo ikakaribia kuigusa, akashusha sauti, akaimba taratibu. Ukizicheza nyimbo hizo mbili moja baada ya nyingine, utadhani ni waimbaji wawili tofauti. Kwa mtindo huo huo wa upole, “He'll Have to Go” ulikaa kileleni mwa chati ya kantri ya Marekani kwa wiki 14 mwaka 1960.

Tarehe 31 Julai 1964, akirejea Nashville katika ndege ndogo aliyoirusha mwenyewe, alikumbwa na dhoruba ya mvua, na ndege ikaanguka karibu na Brentwood, Tennessee. Yeye na mpiga piano wake, Dean Manuel, walifariki papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Alikuwa amerekodi nyimbo nyingi ambazo hazijatolewa, na mjane wake, Mary, alizitunza na kushirikiana na kampuni ya rekodi ya RCA kuzitoa kidogo kidogo. Baadhi zilikuwa rekodi za majaribio tu, lakini kwa kuwa aliimba karibu mno na maikrofoni, sauti ilikuwa safi kiasi kwamba mafundi waliweza kuipigia ala mpya bila kuiharibu. “Distant Drums” ulitayarishwa hivyo, na mwaka 1966, miaka miwili baada ya mazishi yake, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tano.

Kuhusu Patsy Cline, ambaye naye alifariki katika ajali ya ndege huko huko Tennessee mwezi Machi 1963, wawili hao hawakuuimba pamoja wimbo unaousikia katika santuri yako. Kila mmoja aliurekodi peke yake alipokuwa hai, na mnamo 1981 sauti zao zikatenganishwa na muziki wa rekodi hizo, zikaoanishwa na kupigiwa muziki mpya.