Kabla hujabonyeza rekodi kwenye kinanda, hesabu wimbo wako

Kwaya yetu hapa Kibirizi, Kigoma, haina bendi. Ina kinanda kimoja chenye sikwensa ndani yake (kifaa cha kurekodi unachopiga na kukirudia), traki 16, yaani nafasi 16 za kurekodi ala moja moja, na mpiga kinanda ndiye mimi. Tulipoanza kualikwa kwenye harusi na mikutano ya nje, niliombwa nirekodi muziki wa nyimbo zetu ndani ya kinanda, ili siku ya kuimba niuwashe tu na kuongezea solo juu yake.

Wimbo wa kwanza niliukamilisha kwa wiki moja: ngoma, besi, gita, kinanda cha kanisani nyuma. Siku ya mazoezi nikauwasha. Ubeti wa pili mwalimu wetu ana mazoea ya kurudia mstari wa mwisho. Hakuna aliyemfundisha na hakuna aliyewahi kuuandika, ila kwaya nzima inaujua. Kinanda hakikuujua. Kikaingia kwenye kiitikio, kwaya ikabaki kwenye mstari, na tangu hapo hadi mwisho kila mmoja alikuwa na wimbo wake. Nililazimika kufuta traki zote na kuanza upya, kwa sababu kuingiza vipimo viwili katikati ya wimbo kwa kutumia kile kioo kidogo kulinishinda.

Sasa mazoezi ya kwanza ya kila wimbo naenda na daftari. Kinanda nakiacha nyumbani. Nawaomba waimbe wimbo mzima mara tatu bila kusimama, na kila kipimo (vijana wanaita baa) nachora kijiti kimoja, vijiti vinne vinne. Ukurasa wa wimbo ule sasa unasomeka hivi: hesabu 1, kianzio 4, ubeti 16, kiitikio 8 mara mbili, ubeti 16 na mstari wa mwalimu 2, kiitikio 8 mara mbili, kinanda peke yake 8, kiitikio 8 mara tatu, mwisho 2. Jumla ni vipimo 105. Mara ya pili na ya tatu wanapoimba nafuata kwa kidole. Wakitofautiana na karatasi, tunakubaliana papo hapo ipi ndiyo, na mwalimu ndiye anayeamua.

Ile "hesabu 1" ya mwanzo usiidharau. Ni kipimo kitupu ambacho naweka mapigo manne ya vijiti vya ngoma ili waimbaji waingie pamoja. Humo humo ndimo zinakaa amri za kila traki: itumie sauti gani, kwa ukubwa gani. Ukizirundika mahali noti ya kwanza inapopigwa, vinanda vingine huchelewa kubadilisha, na noti hiyo inatoka kwa sauti ya wimbo uliopita.

Mwendo nao unapimwa kwa waimbaji. Nashika simu, nahesabu makofi kwa sekunde 15, nazidisha kwa 4. Makofi 24 ni 96 kwa dakika, 27 ni 108. Mara ya kwanza niliwapima wakiwa wamekaa kwenye mabenchi, nikaandika 96. Tulipojaribu wakiwa wamesimama, mama mmoja wa sauti ya kwanza akaniuliza, "Mbona leo tunaburuza kama tunazika?" Kweli, wakisimama na kucheza wanakwenda 108. Kwa hiyo pima wakiwa wanacheza. Mwendo unaweza kuubadilisha baadaye, lakini besi uliyoipiga kwa 96 ukiiharakisha inasikika kama mtu anayekimbizwa.

Kuhusu ufunguo, karatasi ya solfa inaweza kusema doh ni A bemoli, lakini koo za watu mwisho wa mazoezi zinasema jingine. Wajaribu wakiwa wamechoka, wapande ile noti ya juu kabisa, ndipo uchague. Mimi wimbo mmoja niliukuta uko chini mno baada ya kurekodi, nikaamua kuupandisha nusu toni mbili kwa traki zote. Ngoma zikavurugika. Kwenye traki ya ngoma kila kitufe ni ngoma tofauti: kwa mpangilio wa kawaida wa MIDI (lugha ya pamoja ya vinanda vya umeme) ngoma kubwa ya mguu ni noti 36 na snea, ngoma ndogo yenye mlio mkali, ni 38. Ukipandisha mbili, kila ngoma ya mguu inageuka snea. Pandisha traki zote isipokuwa ya ngoma, ambayo kwa kawaida iko chaneli ya 10.

Ukielewa hilo umeelewa sikwensa yenyewe. Haihifadhi sauti. Inahifadhi matendo ya vidole: kitufe gani, wakati gani, kwa nguvu gani kati ya 1 na 127, na kimeachiwa lini. Ndiyo maana kosa la noti moja linasahihishika, na ndiyo maana ile kazi ya kunyoosha mapigo, kwantaizi, ni ya hatari. Kinanda changu kinagawa pigo moja vipande 480. Nyimbo zetu kadhaa zina mwendo wa kuruka, pigo linagawanyika matatu, yaani kila vipande 160. Nikinyoosha kwa gridi ya pigo kugawanywa manne, ambayo ni kila vipande 120, noti iliyokuwa 160 inavutwa hadi 120 na ile ya 320 inasukumwa hadi 360. Ule mruko unaowanyanyua watu kwenye viti unakufa. Amua kabla wimbo unagawanyika tatu au nne, uandike kwenye daftari karibu na mwendo. Mimi narekodi bila kunyoosha, kisha nanyoosha ngoma na besi tu.

Kwenye traki ya 16 napiga kwanza mwongozo, melodia na kodi (noti zinazopigwa pamoja) kwa sauti ya piano, wimbo mzima. Ala nyingine zote zinaufuata. Mwisho naufuta.

Kuhifadhi: narekodi usiku, wavuvi wa dagaa wakishaingia ziwani na mtaa umetulia. Usiku mmoja nilikuwa nimemaliza traki sita, umeme ukakatika. Vinanda vingi, kama changu, vinashika wimbo kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukienda, nao umekwenda. Tangu siku ile kila traki ikiisha nahifadhi kwenye flashi kwa jina jipya, 01A, 01B, 01C, wala siandiki juu ya lililopita. Faili ni dogo sana, flashi moja inabeba nyimbo za kwaya zote za Kigoma. Na daftari nalipiga picha kwa simu kabla sijalala.