Kiini kimetumika, ute umebaki: majibu ya maswali yenu

Kwenye yai, kiini ndicho kinachogombewa. Kastadi inakitaka, mayonezi inakitaka, aiskrimu ya kupika nyumbani ndiyo usiseme. Ute unawekwa pembeni kwenye kikombe, unafunikwa kisahani, unasukumwa nyuma ya friji, na siku ya kusafisha friji unamwagwa. Maswali mengi mliyoniletea safari hii yanahusu kikombe hicho. Niseme msimamo wangu mapema: kabla hujakimbilia merenge, yale mapovu ya ute na sukari yanayokaushwa ovenini, jua ute ulio nao ni wa mayai mangapi. Idadi ndiyo inayochagua pishi.

SWALI: Shikamoo shangazi. Jumapili nilipika kastadi ya viini vinne. Leo Jumatano ute bado upo friji kwenye bakuli. Unafaa au nimwage?

JIBU: Marahaba. Kama bakuli lilifunikwa na friji inapoza sawasawa, unafaa, ila uko ukingoni. Ute mbichi uliotenganishwa na kiini hukaa friji siku mbili hadi nne. Upike leo.

Siku nyingine usingoje Jumatano, upeleke friza siku ileile. Ute unavumilia kugandishwa kuliko sehemu yoyote ya yai: huongezi kitu, ukiyeyuka unapigwa na kuumuka kama kawaida, na unaweza kukaa huko hadi mwaka. Tumia trei ya barafu, kila shimo ute wa yai moja. Ukishaganda, uhamishie kwenye mfuko wa kufungika na uandike juu yake tarehe na idadi. Tarehe watu huikumbuka, idadi hawaikumbuki, na bonge la barafu nyeupe lisilo na namba ni mtihani. Ukijikuta na bonge la namna hiyo, liyeyushe upime: ute wa yai kubwa ni kama gramu 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Uyeyushe ndani ya friji usiku kucha, si mezani.

SWALI: Ute wangu una rangi ya kimanjano yenye ukijani kwa mbali. Umeharibika?

JIBU: La. Hiyo ni vitamini B2 iliyomo humo, na ute wa yai zima kabisa huwa nayo. Hata ule ukungu mweupe wa yai bichi ni dalili ya yai jipya. Tupa ukiona uwaridi, au ukijani unaometameta, au ukisikia harufu hata kidogo. Hapo usionje wala usijaribu kuokoa.

SWALI: Shangazi, merenge zangu hazisimami. Nikipiga ute unabaki majimaji, na siku ule uliposimama, zilitoka oveni zikatoa matone ya asali asali juu. Nakosea wapi?

JIBU: Hapo kuna makosa mawili tofauti, tuyatenganishe.

Ute usioumuka karibu kila mara umeguswa na mafuta. Tone la kiini linatosha, kwa sababu kiini kina mafuta. Bakuli la plastiki nalo hushika mafuta kwenye mikwaruzo yake hata ukiliosha vipi. Tumia la kioo au la chuma, ulifute kwanza kwa kitambaa chenye ndimu kidogo. Tenganisha mayai yakiwa na ubaridi wa friji, maana kiini baridi hakipasuki ovyo, kisha uache ute upate joto la chumba ndipo upige. Na kila yai livunjie kwenye kikombe kidogo kabla ya kumimina bakulini. Yai la sita likipasuka kiini, unapoteza hilo moja badala ya yote sita.

Sasa upige ute huku unauangalia. Mwanzo ni mapovu makubwa ya sabuni, yanapasuka yenyewe. Baadaye yanakuwa madogo, rangi inageuka nyeupe, na mashine inaacha mistari nyuma yake. Hapo tia matone ya ndimu, nusu kijiko cha chai kwa kila ute wa yai moja, kwani asidi hulisaidia povu lisikatike. Hapo pia ndipo sukari inaanza kuingia, kijiko baada ya kijiko, ukipiga vizuri kabla ya kuongeza kingine. Gramu 50 hadi 60 kwa kila yai. Ukiinua mashine, ncha ya povu kwanza inainama, halafu inasimama wima na povu lote linang'aa. Chukua kidogo usugue kati ya vidole viwili. Ukisikia chembe, sukari haijayeyuka, endelea.

Yale matone ya asali asali ni jibu la chembe hizo. Sukari ambayo haikuyeyuka bakulini huyeyuka ndani ya oveni na kujichomoza juu. Sababu nyingine ni moto mkali. Merenge haiivi kama keki, inakaushwa: nyuzi 100, saa moja na nusu, kisha zima oveni uziache humo mpaka zipoe. Ukizitoa mapema kwenda kwenye hewa baridi zitapasuka. Zikishapoa, ndani ya kopo la kufungika upesi, kwa maana sukari inavuta unyevu wa hewani na zitalainika.

Ukipiga kupita kiasi nako kuna adhabu yake: povu linapoteza mng'ao, linakatika mabonge kama pamba na maji yanachuruzika chini ya bakuli. Kama hujaweka sukari, ongeza ute wa yai moja mbichi upige taratibu. Mara nyingine linarudi, mara nyingine hapana. Wapishi wa zamani wa Ufaransa walipigia kwenye mabakuli ya shaba, na si urembo. Shaba hujishikiza kwenye protini mojawapo ya ute na kulifanya povu liwe gumu kuharibika. Kwako wewe ndimu inatosha.

SWALI: Sina oveni. Kila nikitafuta matumizi ya ute naambiwa "oka". Sisi wa jiko la moto wa juu tufanyeje?

JIBU: Nyie ndio mnaopata pishi nililipendalo kuliko yote. Kata kuku au nyama vipande vyembamba, kama gramu 350. Changanya na ute wa yai moja, kijiko kimoja cha chakula cha konflawa na chumvi kidogo. Acha nusu saa friji. Chemsha maji, tia kijiko cha mafuta, punguza moto maji yatulie, kisha tumbukiza vipande, ukivitenganisha kwa uma. Dakika moja hivi vinageuka vyeupe, vitoe. Hapo havijaiva bado. Malizia kuviivisha kwenye kikaango na mboga na mchuzi wako. Ni mbinu ya wapishi wa Kichina, na ndiyo siri ya zile nyama laini ambazo mezani mnaulizana zimepikwaje. Ute na konflawa hufanya koti jembamba linaloshika maji ya nyama yasikimbie.

Njia ya haraka zaidi: supu ikiwa inachemka polepole, ikoroge izunguke, kisha mimina ute uliopigwa kidogo kwa uzi mwembamba. Unaganda papo hapo kuwa nyuzi nyeupe. Supu ipate uzito kidogo wa konflawa kabla, nyuzi hazitazama. Ute pia unagandisha chenga za mkate kwenye samaki wa kukaanga vizuri kuliko yai zima, na koti linatoka likivunjika kwa mlio.

SWALI: Nilikaanga ute mtupu kama kimanja. Umekuwa mpira. Mume wangu kanicheka.

JIBU: Acheke, lakini sababu ni moto, si wewe. Ute huanza kushikana kwenye nyuzi 62 hivi na hukaza kabisa ukifika 80. Kiini ndicho huwa kinaulainisha kwa mafuta yake, na wewe umekiondoa. Weka moto mdogo, siagi kidogo, funika, ondoa juu bado pana unyevu. Ama, ukitaka ushauri wangu wa kweli, usikaange ute mtupu. Mayai mawili mazima pamoja na ute wa mawili yaliyobaki: kimanja laini, friji imepungua, na mume anakosa la kucheka.

SWALI: Naweza kuweka ute kwenye keki badala ya mayai?

JIBU: Kwa kiasi. Ute wa mayai mawili unashika nafasi ya yai moja zima. Badilisha yai moja kati ya matatu na hakuna atakayejua. Ukibadilisha yote, keki itakuwa nyeupe, kavu na yenye kutafunika. Ongeza kijiko cha mafuta au siagi kufidia.

SWALI: Ute wa yai moja tu. Moja! Nifanye nini nao?

JIBU: Njugu. Piga ute huo kwa uma mpaka utoe povu jepesi, changanya na nusu kilo ya korosho, lozi au karanga, tia gramu 100 za sukari, chumvi, na mdalasini au pilipili ya unga. Tandaza kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, nyuzi 150 kwa nusu saa, ukigeuza mara mbili. Zikipoa zinavaa ganda kavu lenye kukwaruza ulimi vizuri. Kwa granola ni vilevile: ute wa yai moja unaifanya ishikane mabonge. Na ukioka kitu cha unga chenye vitu ndani, paka ute kwenye kingo kabla ya kukunja. Hakifunguki.

SWALI: Kijana wangu anafanya mazoezi ya kunyanyua vyuma na anakunywa ute mbichi asubuhi. Anasema ni protini tupu. Nimwache?

JIBU: Usimwache. Kuhusu protini hajadanganya: ute wa yai moja kubwa una gramu 3.6 hivi na mafuta karibu na hakuna. Lakini mwili humeng'enya protini ya yai lililopikwa vizuri zaidi kuliko ya yai bichi, kwa hiyo anapoteza sehemu ya kile anachokitafuta. Ute mbichi pia una avidini, protini inayoshika vitamini ya biotini isifyonzwe. Moto ndio huivunja nguvu. Na juu ya yote kuna salmonela, bakteria wa kuharisha, ambao huweza kuwa ndani ya yai lenye ganda safi kabisa. Mwambie aupike umchanganyie kwenye uji au viazi. Misuli haitajua tofauti.

Swali hili liwaguse pia wanaopamba keki kwa krimu ya ute mbichi. Watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa wasipewe. Weka ute na sukari kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka, koroga bila kuacha mpaka ufike nyuzi 71 kwa kipimajoto, ndipo upige. Povu lake ni zito na tulivu kuliko la baridi, tena linabeba siagi ukitaka krimu ya keki.

SWALI: Nina ute wa mayai kumi na moja friza. Nahitaji kitu cha kuumaliza kwa mkupuo.

JIBU: Keki ya malaika ndiyo ilitungwa kwa ajili yako. Ni povu la ute wa mayai kumi hadi kumi na mawili, sukari na unga kidogo, bila siagi wala kiini. Usipake mafuta kwenye chombo chake chenye tundu katikati, maana keki hupanda kwa kujishikiza ukutani, na ikitoka igeuze chombo juu chini ipoe ikiwa inaning'inia, la sivyo itabonyea.

Lakini mimi ningegawa. Ute wa mayai manne nenda nao kwenye finansie, vikeki vya Kifaransa: yeyusha gramu 100 za siagi mpaka iwe kahawia na inukie kama njugu, iache ipoe kidogo, kisha changanya gramu 120 za sukari laini ya unga, 60 za unga wa lozi, 50 za unga wa ngano na ute bila kuupiga povu. Vibati vidogo, nyuzi 190, dakika 12 hadi 15. Ute wa mayai mawili fanya biskuti za nazi: gramu 150 za nazi kavu iliyosagwa, 100 za sukari, chumvi, oka nyuzi 170 mpaka ncha ziwe za dhahabu. Unaobaki urudi ulikotoka, kama haujayeyuka. Ukishayeyuka usiugandishe tena.

SWALI: Nimesikia ute unasafisha supu ikawa ang'avu kama chai. Kweli?

JIBU: Kweli, na inapendeza kuitazama. Chukua lita moja ya supu ya mifupa iliyochujwa, baridi, mafuta yote yametolewa juu. Piga kidogo ute wa mayai mawili, uukoroge ndani ya supu ukiwa na nyama ya kusaga kiasi cha mkono, upate ladha. Washa moto mdogo, ukikoroga mpaka ianze kuwa ya vuguvugu. Hapo acha kabisa. Ute unaganda taratibu, unapanda juu na kila chembe iliyokuwa inaelea, na unafunga utando mzito wa kijivu unaotisha ukiutazama. Usiuguse, usiache supu itokote kwa nguvu, maana utavunjika na uchafu utarudi ndani. Toboa tundu dogo pembeni, uone supu ikipumua hapo. Baada ya dakika 30 hadi 40 chota kwa upawa kupitia tundu hilo, chuja kwa kitambaa, onja chumvi mwishoni. Utando wenyewe tupa. Ladha yake yote imeshahamia kwenye supu.